Kipawa na Haki: Barua ya Mwaka 1809 na Kipimo cha Ubora wa Watu

Tarehe 25 Februari 1809, zikiwa zimesalia siku chache tu kabla ya kuondoka katika kiti cha urais wa Marekani, Thomas Jefferson alimwandikia barua Henri Grégoire, padri Mfaransa aliyekuwa amempelekea kitabu. Barua yenyewe ni fupi, na sehemu yake kubwa ni maneno ya adabu. Lakini ndani yake mna wazo moja lenye uzito kupita yote mengine: kwamba watu wawe na vipawa vya kadiri yoyote ile, kadiri hiyo si kipimo cha haki zao, kwani Isaac Newton aliwazidi wengine kwa ufahamu, wala kwa sababu hiyo hakuwa bwana wa miili yao au wa mali zao.

Swali linalojibiwa hapo ni la kale. Watu hutofautiana kwa vipawa, na asiyelikiri hilo hajapata kukaa na watoto wawili wa tumbo moja. Je, tofauti hiyo yatosha kuwafanya wengine kuwa bora na wengine kuwa duni? Jawabu la Jefferson ni sahihi. La ajabu ni kwamba lilitoka katika kalamu ya mtu aliyekuwa ameandika kinyume chake zaidi ya miaka ishirini nyuma, na ambaye hata baada ya kulitoa hakulifuata katika nyumba yake mwenyewe. Njia iliyofikisha mambo hapo yastahili kutazamwa kwa makini, maana njia hiyo hiyo, pamoja na mitego yake, ilikuja kupitwa tena katika Afrika ya Mashariki.

Kitabu cha Jefferson kiitwacho Notes on the State of Virginia kilipigwa chapa mara ya kwanza Paris mwaka 1785, kisha London mwaka 1787. Katika sura ya sheria mwandishi anaeleza kwa nini, kwa maoni yake, watumwa wakiachwa huru haitafaa wakae katika nchi moja na mabwana wao wa zamani. Miongoni mwa sababu anazotoa ni tofauti za maumbile. Kwa kumbukumbu, asema, watu weusi wako sawa na weupe. Kwa kufikiri wako chini mno, na adhani kuwa ni shida kumpata hata mmoja awezaye kufuata hoja za Euclid. Kwa kubuni mambo ni wazito. Katika muziki tu ndipo anapowapa nafasi ya mbele. Mwisho anajikinga kwa kusema kuwa hiyo ni dhana yake, wala si hukumu. Lakini dhana ya mtu mwenye cheo haikai ikawa dhana. Hutembea, na kila inapofika huvuliwa shaka iliyovikwa na mwenyewe, ikapokewa kama jambo lililothibitika.

Jefferson hakukosa mifano ya kumpinga, na mingine aliijua vyema. Phillis Wheatley alinunuliwa Boston mwaka 1761, akiwa mtoto mdogo aliyetoka Afrika ya Magharibi. Mashairi yake yalichapishwa London mwaka 1773, yakatanguliwa na hati iliyotiwa saini na wanaume 18 wa Boston, gavana Thomas Hutchinson akiwa mmoja wao, wakishuhudia kuwa ndiye hasa aliyeyatunga. Ni vigumu kumfikiria mshairi wa Kiingereza wa zama zile akitakiwa kuleta mashahidi kumi na wanane ndipo aaminiwe kuwa beti zake ni zake. Hata hivyo mashahidi hao hawakumtosha Jefferson. Aliyataja mashairi hayo kuwa yametolewa kwa jina la Wheatley, msemo wenye mwiba ndani yake, kisha akasema kuwa hayafikii hata kustahili kuhakikiwa. Barua za Ignatius Sancho, zilizochapishwa London mwaka 1782, alizisifu kidogo: alimweka Sancho mbele ya watu wa rangi yake, kisha akampeleka mwisho wa safu alipompanga pamoja na waandishi weupe, na hapo tena akatia neno kwamba haijulikani kama mkono wa mtu mwingine haukuzitengeneza.

Namna hii ya kutoa hoja ina utaratibu wake. Kwanza hutakiwa ushahidi wa kipawa. Ushahidi ukiletwa, huulizwa kama kweli ni wa aliyeuleta. Ikithibitika kuwa ni wake, husemwa kuwa si mzuri kiasi cha kutosha. Na ukiwa mzuri, mwenye nao huwa mtu wa pekee asiyeweza kuwasemea wenziwe. Mlango una makufuli manne, na ufunguo wa kila moja unakaa kwa mtu yule yule.

Aliyeugonga mlango huo kwa ushupavu mkubwa ni Benjamin Banneker. Alizaliwa Maryland mwaka 1731, mtu huru, akalima tumbaku katika shamba la baba yake. Akiwa kijana alitengeneza saa ya mbao iliyopiga saa kwa miaka mingi. Alipokaribia umri wa miaka 60 aliazimwa vitabu vya elimu ya nyota na jirani yake, George Ellicott, akajifunza mwenyewe hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi. Mwaka 1791 alifuatana na Andrew Ellicott katika kazi ya kupima ardhi ya mji mkuu mpya wa Marekani, na mwaka huo huo akamaliza takwimu ya mwaka 1792. Neno takwimu latumika hapa kwa maana yake ya zamani, yaani kitabu cha hesabu za siku, jua, mwezi na nyota, kabla halijahamishiwa katika maana inayotawala leo.

Tarehe 19 Agosti 1791 Banneker alimpelekea Jefferson, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, nakala ya takwimu hiyo iliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na barua ndefu. Wasomi wengi huitaja nakala ile na kuipita barua, na hilo ni kosa. Barua ina hoja mbili zisizofanana. Hoja ya kwanza haina habari ya kipawa hata kidogo. Inamkumbusha Jefferson tangazo la mwaka 1776 alilolitunga yeye mwenyewe, kwamba watu wote wameumbwa sawa. Inamkumbusha siku Wamarekani walipoililia dhuluma ya mfalme wa Uingereza. Kisha inamwambia usoni kuwa naye anawashikilia ndugu zake Banneker kwa hila na kwa nguvu, kosa lile lile alilolichukia kwa wengine. Hoja ya pili ni takwimu yenyewe, iliyotolewa kama zawadi, kazi ya mtu mweusi kwa macho ya mtu mwenye shaka.

Jefferson alijibu baada ya siku kumi na moja. Jawabu lake ni la upole. Asema hakuna anayetamani kumzidi yeye kuona ushahidi wa namna hiyo, kwamba maumbile yamewapa ndugu zetu weusi vipawa vilivyo sawa na vya watu wa rangi nyingine, na kwamba upungufu unaoonekana kwao unatokana na hali duni wanayoishi. Alisema pia kuwa ameipeleka takwimu kwa Condorcet, katibu wa Chuo cha Sayansi cha Paris. Yote hayo ni kujibu hoja ya pili. Juu ya ile ya kwanza, ukiacha neno moja la kutamani kuwa hali yao iinuliwe, barua imekaa kimya. Mtu aliyeshitakiwa kwa kushikilia watu kwa nguvu alijibu kwa kusifu hesabu za mshitaki wake.

Hapo ndipo palipo na hatari ya kutetea watu kwa vipawa vyao. Mwenye nguvu hupenda kuletewa swali la kipawa, kwa kuwa swali hilo halina mwisho, na wakati linapochunguzwa yeye hupumzika. Swali la haki halimpi nafasi hiyo.

Grégoire, aliyekuwa askofu wa Blois wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, alikuwa mmoja wa waliopigania kufutwa kwa utumwa katika makoloni ya nchi yake. Utumwa ulifutwa mwaka 1794, Napoleon akaurudisha mwaka 1802, na mwaka 1804 watu wa Haiti walimaliza mjadala kwa upande wao kwa kujitangazia uhuru. Kitabu cha Grégoire, De la littérature des nègres, kilitoka mwaka 1808, wakati ambapo watetezi wa utumwa walikuwa wamepata nguvu mpya. Ni orodha ya watu weusi waliotukuka kwa elimu na sanaa. Wheatley yumo, Sancho yumo, Banneker yumo. Yumo pia Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika nchi iitwayo sasa Ghana, aliyepelekwa Ulaya utotoni, akapata shahada na kufundisha falsafa katika vyuo vikuu vya Halle na Jena zaidi ya miaka 40 kabla ya Jefferson kuandika habari za Euclid. Mtu hawezi kukisoma kitabu hicho bila kumheshimu mtungaji wake. Lakini kimejengwa juu ya uwanja wa mpinzani. Kinakubali kimyakimya kwamba, kama watu hao wasingalipatikana, mpinzani angalikuwa na hoja.

Kwa hiyo barua ya Februari 1809 ni jambo la kustaajabisha. Kitabu kizima kimejengwa juu ya kipawa. Msomaji wake, badala ya kubishana juu ya jina hili au lile, anasema kuwa kipawa si msingi wa jambo lililo mbele yao. Laiti barua ingaliishia hapo, na mwandishi wake naye angaliishia hapo! Mwezi Oktoba mwaka ule ule Jefferson alimwandikia rafiki yake Joel Barlow kwa lugha nyingine. Alisema kuwa alimpa Grégoire jawabu laini. Kwamba padri yule kwa wepesi wake wa kuamini amekusanya kila hadithi aliyoipata ya watu wenye rangi, bila kupambanua kama ni weusi halisi au ni machotara. Kwamba Banneker aliyajua mahesabu ya kutosha kutengeneza takwimu, lakini haikukosekana shaka kuwa alisaidiwa na jirani yake Ellicott. Na kwamba barua ndefu aliyopata kwake ilimwonyesha kuwa ni mtu mwenye akili ya kawaida kabisa. Banneker hakuweza kujibu. Alikuwa amefariki mwaka 1806.

Barua ya Banneker ipo hata leo, na kila asomaye aweza kuipima. Kuna kila sababu ya kudhani kuwa kilichomwudhi Jefferson ndani yake si udogo wa akili.

Lakini ushahidi mkubwa zaidi haumo katika barua. Umo katika shamba la Monticello. Jefferson katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600. Mmoja wao alikuwa Edith Fossett, aliyepelekwa Washington akiwa kijana kujifunza upishi wa Kifaransa katika nyumba ya rais, na baadaye akawa mpishi mkuu wa Monticello, ambako wageni waliisifu meza yake. Mumewe, Joseph Fossett, alikuwa mhunzi stadi. Vipawa vyao havikuwa siri kwa bwana wao. Alivijua, akavitumia, na akavionea fahari. Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826, akiacha madeni makubwa. Wosia wake uliwaacha huru watu watano, Joseph akiwa mmoja wao. Edith hakuwamo, wala watoto wao hawakuwamo. Mwezi Januari 1827 watu 130 wa shamba hilo walitolewa mnadani, na jamaa ya mhunzi yule ikagawanywa kwa wanunuzi mbalimbali mbele ya macho yake.

Katika mnada wa watu kipawa hakipuuzwi. Mpishi, seremala na mhunzi walinunuliwa kwa bei kubwa kuliko mtu wa jembe. Yaani pale ambapo haki haipo, kipawa hupandisha bei ya mtu, na kwa kupandisha bei humfanya awe mgumu zaidi kuachiliwa. Hilo peke yake lingetosha kuvunja imani ya wale wanaodhani kuwa mnyonge akionyesha uwezo wake ataheshimiwa.

Yafaa hapa kusimama kidogo na kuyatazama maneno yenyewe, kwa maana lugha ya Kiswahili ina njia yake ya kulinganisha watu, na njia hiyo si bila mafunzo. Sifa ya Kiswahili haibadiliki umbo ili kuonyesha kuzidiana. Hapana budi kutumia kuliko, au vitendo kama kuzidi, kupita na kushinda. Na kila mara lazima litajwe jambo ambalo kwalo mmoja amemzidi mwenziwe. Husemwa kuwa Ali ni mrefu kuliko Juma, au kwamba Ali anamzidi Juma kwa urefu. Mtu akisema tu kuwa Ali ni kuliko Juma, hajasema neno. Akisema kuwa Ali anamzidi Juma, akanyamaza, msikilizaji atauliza: kwa nini? Kwa mbio, kwa umri, kwa deni? Kwa hiyo sarufi yenyewe inadai kipimo kitajwe, na kipimo kikitajwa, uzidi wa mtu unabaki ndani ya mipaka yake. Newton alimzidi jirani yake kwa ufahamu wa hesabu. Jambo hilo halikumpa hata kuku mmoja wa jirani huyo.

Neno moja tu linaponyoka katika utaratibu huo, nalo ni bora. Ali ni bora kuliko Juma ni sentensi iliyokamilika, ingawa kipimo hakikutajwa. Neno hili halichukui hata kiambishi cha ngeli: mtu bora, nyumba bora, mbegu bora, maneno bora. Linapita kila mahali bila kuacha nyayo. Alisemaye huwa amebeba kipimo mfukoni, na asikiaye hukubali bila kukiona. Utata wote wa Jefferson katika kitabu cha 1785 ni wa namna hii. Alianza na mizani ya kumbukumbu, akaja kwenye jiometria, akaja kwenye ushairi, na kila moja yaweza kujadiliwa kwa haki; kisha bila kutoa taarifa akaviacha vipimo hivyo na kuingia katika suala la nani akae nchini na nani aondolewe, kana kwamba jambo hilo nalo hupimwa kwa Euclid.

Neno kipawa nalo lina habari yake. Ni jina lililotokana na kupawa, hali ya kutendwa ya kupa: ni kitu ambacho mtu amepewa. Mwenye nacho hakukichuma. Anaweza kukitunza, kukinoa au kukipoteza, lakini hawezi kudai kuwa alikistahili kabla ya kuzaliwa. Methali nayo inasema kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wafasiri wengi huichukua kuwa ni kusifu hekima ya kila mtu, lakini yaweza kusomwa kwa ukavu zaidi: wako wenye nywele nyingi na wako wenye upara, na hapana aliyepata kuamriwa na mwenye nywele kwa sababu hiyo.

Aliyelisema jambo hili kwa wepesi kuliko Jefferson, na kwa uaminifu zaidi, ni mwanamke asiyejua kusoma. Sojourner Truth, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la New York, alihutubia mkutano wa haki za wanawake huko Akron, Ohio, mwaka 1851. Taarifa ya gazeti la wakati ule inaeleza kuwa katika suala la akili alitumia mfano wa vipimo viwili vya ujazo, kimoja kidogo kwa mwanamke na kimoja kikubwa kwa mwanamume, akauliza kwa nini mwenye kipimo kidogo asiachiwe kukijaza chake. Mtu wa pwani angesema kibaba na pishi. Ingawa pishi hubeba vibaba vinne, hakuna sheria ya soko inayosema kuwa mwenye pishi achukue na kibaba cha mwenziwe. Truth hakukataa kuwa huenda vyombo vikatofautiana; wala hakuthibitisha. Aliliacha swali hilo nje ya mlango, na huo ndio ujuzi ambao Grégoire, pamoja na elimu yake yote, hakuupata.

Swali hilo halikuachwa nje ya mlango huko Kenya karne ya ishirini. Mwaka 1933 kiliundwa Nairobi chama cha walowezi na madaktari kwa ajili ya uchunguzi wa kile walichokiita uboreshaji wa kizazi. Kiongozi wa mawazo yao, daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alidai kuwa Waafrika wa Kenya wana upungufu wa akili wa kuzaliwa, na kwamba elimu ya Kizungu yaweza kuwadhuru. Mwenziwe, F. W. Vint wa maabara ya serikali, alipima bongo 100 za wanaume Waafrika waliokufa, na mwaka 1934 akachapisha katika jarida la anatomia la Uingereza kuwa gamba la ubongo wao ni jembamba kuliko la Wazungu. Walitaka serikali ya Uingereza itoe fedha za uchunguzi mkubwa zaidi, fedha hazikutoka.

Wapinzani wao walijibu kwa kuonyesha kasoro za vipimo: nani hao waliopimwa, walikufa kwa maradhi gani, walikula nini walipokuwa hai, na nani aliyethibitisha kuwa unene wa gamba ndio akili. Majibu hayo yalikuwa ya haki, na sayansi ya leo haina la kujifunza katika hesabu za Vint. Lakini nyuma ya hesabu palikuwa na shule, ardhi, mshahara na kura. Hakuna aliyempima ubongo mlowezi kabla ya kumpa shamba. Mtoto wa mlowezi aliyekuwa mzito wa kuelewa alijengewa shule yake pamoja na mwepesi, na hapana aliyeona ajabu. Ilieleweka kuwa kwake shule ni haki. Kwa mtoto Mwafrika ilitakiwa kwanza ithibitike kuwa anaiweza.

Zanzibar ilikuwa na ngazi ya namna nyingine, na ndiyo maana mfano wake unafundisha. Huko kipimo cha zamani hakikuwa akili bali nasaba: muungwana na mtumwa, mwenye ukoo na asiye nao. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880, wa wazazi wenye asili ya Unyamwezi na Uzigua, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini kwa kuuza, na inasimuliwa kuwa sauti yake ilijulikana kwanza kwa jinsi alivyoinadi bidhaa yake. Alihamia mjini mwaka 1911, akafundishwa muziki, akaimba mbele ya wakubwa, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri. Hapana mwanamke wa pwani aliyepata kufanya hivyo kabla yake. Jina la Mtumwa likaachwa, likaja Siti, jina la heshima. Alifariki mwaka 1950, na mwaka 1958 wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert ulichapishwa.

Waliomwonea wivu walimdhihaki kwa sura yake na kwa asili yake. Jawabu lake lilikuwa wimbo, nao ungali ukikumbukwa. Maana yake ni kwamba uzuri wa sura si hoja, wala utukufu wa ukoo si hoja. Hasara ya mtu ni kukosa akili. Wimbo huo umependwa, na haki yake kupendwa, kwa kuwa uliwanyamazisha watu waliostahili kunyamazishwa. Hata hivyo, ukitazamwa kwa jicho la mjadala huu, unaonyesha jambo lile lile lililomnasa Grégoire. Siti anaivunja ngazi ya nasaba, kisha kwa mbao zake anajenga ngazi ya akili na kukaa juu yake. Kwa mtu mwenye sauti ile na akili ile, ngazi mpya ilikuwa nzuri. Wengi wa watu waliokuwa pamoja naye Fumba hawakuwa na sauti ile.

Shaaban Robert naye, katika wasifu, anavutwa pande mbili. Anamtukuza Siti kwa kipawa kilichomtoa katika unyonge, na hapo anasimama pamoja na wimbo. Lakini hadithi anayoisimulia inaanza na mtoto wa maskini ambaye bado hajaimba, na huruma ya mwandishi kwa mtoto huyo haingojei sauti yake isikike. Pengine hiyo ndiyo sababu kitabu kile kidogo kimedumu kuliko sifa nyingi nyingine alizomwagiwa mwimbaji huyo.

Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar kwa amri ya tarehe 6 Aprili 1897, Siti akiwa msichana wa miaka kama kumi na saba. Amri ile ilikuwa na kasoro kubwa. Mabwana ndio waliolipwa fidia. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na masuria hawakuingizwa mpaka mwaka 1909. Lakini kasoro moja haikuwa nayo. Haikumwuliza mwombaji anajua kufanya nini. Mfinyanzi aliyeweza kuimba na mfinyanzi asiyeweza waliingia kwa mlango mmoja, wakasimama mbele ya hakimu mmoja, na karatasi waliyotoka nayo ilikuwa na maneno yale yale.